Abu Nil: Bwana aliyejifunza tabia za mto kutoka Mikyasi ya Misri

Mwezi wa Novemba mwaka 2016 mama alinipigia simu kutoka Maskati, na kwa sauti yake tu nikajua kuna jambo. Alikuwa ameona kwenye televisheni magari yanaelea barabarani hapa Johannesburg, watu wamekaa juu ya gari zao wakingoja kuokolewa. Akataka kujua kama mie mzima. Nikamwambia mzima, alhamdulillahi, maji hayakufika kwangu. Akashusha pumzi, halafu akaniuliza suali ambalo sikulitegemea. Si juzi tu nilikuwa nimemlalamikia kwamba tumekatazwa kumwagilia bustani na kuosha gari kwa mpira, kwa sababu bwawa linakaribia kukauka? Sasa tuna mafuriko au tuna ukame?

Nikamjibu tuna vyote viwili. Hakuridhika, na ana haki. Mama si mtu wa kupewa jibu la nusu. Amezaliwa Mwanza, dukani kwa babu, hatua chache kutoka ziwani, na habari za maji anazijua tangu utotoni.

Nusu ya jibu ni nyepesi. Johannesburg ni mji wa ajabu: mkubwa namna hii, na hauko kando ya mto wowote wa maana wala pwani. Umekaa juu ya mgongo wa vilima vya Witwatersrand, na sababu ni dhahabu. Mvua ikinyesha upande wa kaskazini wa mgongo huo, maji yanashuka kwa vijito mpaka Mto Jukskei, yanaingia Crocodile, kisha Limpopo, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi, bahari yetu sote. Ikinyesha upande wa kusini yanaelekea Mto Vaal, na safari inaishia Atlantiki. Maji tunayokunywa yanatoka Bwawa la Vaal, kilomita kama 80 kusini, na lazima yasukumwe kwa mapampu yapande zaidi ya mita 300 ndipo yatufikie. Mvua ile ya tarehe 9 Novemba ilipiga mjini, ikaua watu, ikakimbilia kaskazini. Bwawa likabaki na robo tu ya maji yake, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nusu ya pili ndiyo ngumu: kwa nini ukame ukishaingia hauondoki kwa mvua moja, na kwa nini miaka mibaya inafuatana kama watoto walioshikana mikono. Hapo ndipo nilipomletea mama habari za Harold Edwin Hurst, ambaye Wamisri walimwita Abu Nil, baba wa Nili. Kazi yangu hapa ni kupima vijito, na jina la bwana huyu kwetu ni kama jina la mwalimu mkuu wa chuoni: kila mmoja analijua, hata yule ambaye hakuwahi kusoma kwake. Nilimsimulia mama kwa simu tatu au nne. Haya ndiyo niliyomwambia, na mengine nimeyaongeza baadaye.

Hurst alizaliwa tarehe 1 Januari 1880 katika kijiji cha Wigston Magna, karibu na Leicester, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi mjenzi wa kijijini, pato lake dogo. Mtoto akaacha skuli akiwa na miaka 15. Akajifunza kemia, akajifunza useremala kwa baba yake, akawa msaidizi wa mwalimu Leicester, na jioni akahudhuria masomo yake mwenyewe. Kwa wakati ule mtoto wa fundi kuingia Oxford ilikuwa kama hadithi za kusimuliana usiku, lakini alipofika miaka 20 akapata msaada wa masomo, akaenda, na akatoka na daraja la kwanza katika fizikia. Wakambakisha pale pale afundishe kwa miaka mitatu.

Mwaka 1906 akakubali kazi Misri. Ilikuwa iwe safari ya muda mfupi. Alikaa miaka 62.

Kazi yake ya mwanzo haikuhusu maji hata kidogo. Alipewa jukumu la kupeleka ishara ya saa kutoka kituo cha kuangalia nyota mpaka ngome ya Cairo, ambako mzinga ulipigwa kila siku adhuhuri ili watu warekebishe saa zao. Sisi tuliokulia na mzinga wa futari tunajua maana yake: mji mzima unamtegemea mtu mmoja asikosee. Mie naamini mzinga ule ulimtengeneza, maana maisha yake yote baadaye yalikuwa ni ya kuhesabu kwa subira na kuogopa kukosea.

Misri ya wakati ule, kama ya leo, bila ya mto ni jangwa tupu. Bwawa la kwanza la Aswan lilikuwa limemalizika mwaka 1902, na baada ya kufika Hurst wakaanza kuuongeza ukuta wake, kazi iliyokwisha 1912. Lakini lilikuwa bwawa la mwaka mmoja tu. Lilikuwa na milango 180 chini ya ukuta. Mafuriko yakija kutoka Ethiopia, yamejaa tope, milango inaachwa wazi na kila kitu kinapita, maji na udongo wake. Mafuriko yakishapungua na maji yakianza kusafika, ndipo wanafunga na kuweka akiba ya miezi ya kiangazi kwa ajili ya mashamba ya pamba. Ujanja huu wa kuliacha tope lipite msiusahau, tutaurudia.

Hurst akahamia kwenye mto. Alipima maji yanayopita katika milango ile, jambo ambalo kulisema ni rahisi, kulifanya ni shughuli. Mimi napima vijito vya kuvuka kwa viatu vya mpira na bado nakosea. Yeye alikuwa anapima mto ambao nchi nzima inaishi juu yake, na hesabu ikipotoka kidogo, kuna shamba litakalokosa maji.

Kisha ukaja mwaka 1913. Mafuriko ya Nili yalikuwa hafifu kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai alivyowahi kuyaona, kiasi cha nusu ya maji ya kawaida. Hapo udhaifu wa bwawa la mwaka mmoja ukaonekana kwa macho. Bwawa kama hilo linakusaidia kubeba maji ya Oktoba mpaka Mei, lakini mafuriko yenyewe yasipokuja linabeba nini? Ikawa lazima kuuliza: bwawa liwe kubwa kiasi gani ili maji ya miaka ya neema yafike kwenye miaka ya dhiki?

Kujibu suali hilo Hurst alitaka kuujua mto mzima. Akaufuata mpaka chanzo chake, safari baada ya safari, kwa meli, kwa miguu na wapagazi, kwa baiskeli, kwa gari, na baadaye kwa ndege. Alifika maziwa makuu, alipita kinamasi cha Sudd kusini mwa Sudan, ambacho jina lake ni lile lile sadd tunalolijua kwa Kiarabu, kizuizi. Karibu nusu ya maji ya Nili Nyeupe hupotelea humo, yanageuka mvuke juu ya majani na matete. Yeye na wenzake, akina Phillips, Black na Mmisri Simaika, wakaanza kuchapisha kuanzia mwaka 1931 mfululizo wa vitabu vizito kuhusu bonde la Nili, kurasa kwa kurasa za jedwali: kina cha maji, mvua, kasi ya mto, mwezi baada ya mwezi. Si vitabu vya kusoma kabla ya kulala. Lakini wanaobishana leo kuhusu maji ya Nili, Cairo, Addis Ababa au Kampala, bado wanasimama juu ya jedwali zile.

Hakuwa wa kwanza kutaka kuufunga mto huu. Karibu miaka elfu moja kabla yake, Ibn al-Haytham wa Basra aliitwa Misri na Khalifa al-Hakim baada ya kudai kwamba angeweza kuyadhibiti maji ya Nili. Alipofika kusini akauona ukubwa wa mto na majengo ya watu wa kale, akatambua kwamba kama ingewezekana wao wangeshafanya. Inasimuliwa kwamba alijitia wazimu ili khalifa asimkate kichwa. Mama alicheka sana hapo, akasema huyo ndiye mwenye akili.

Sasa tufike kwenye jambo lililompa Hurst jina, na jambo lenyewe linatuhusu. Kwenye kisiwa cha Roda, pale Cairo, kuna kisima cha mawe chenye nguzo katikati iliyotiwa alama za dhiraa. Ndiyo Mikyasi ya Nili, iliyojengwa upya mwaka 861 wakati wa Khalifa al-Mutawakkil wa Bani Abbas. Maji ya mto yanaingia kisimani kwa mifereji, na msomaji anaangalia yamefika alama ipi. Yakifika dhiraa 16 watu wanasherehekea, mifereji inafunguliwa, na kodi ya ardhi inaweza kutozwa. Yasipofika, kila mtu anajua njaa inakuja. Kwa hiyo kusoma nguzo ile halikuwa jambo la wanavyuoni tu, lilikuwa jambo la mkate na la serikali. Wanahistoria wa Kiislamu waliandika vipimo hivyo mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1925 mwana wa mfalme Omar Toussoun akavikusanya na kuvichapisha. Mfululizo unaanzia mwaka 622, mwaka wa Hijra yenyewe, na kwa kiwango cha chini cha mto unakwenda karibu bila ya kukatika mpaka 1284. Miaka mia sita na zaidi! Hakuna mto mwengine duniani wenye daftari kama hilo.

Vipimo vyenyewe vilikuwa na mitego. Nili ilikuwa inaleta tope, na tope likijikusanya sakafu ya mto inapanda, karne baada ya karne. Maana yake dhiraa 16 za wakati wa Bani Abbas si sawa na dhiraa 16 za wakati wa Mamluki. Mie hapa nina tatizo lile lile lakini kinyume chake. Mji umejaa lami na saruji, mvua haizami ardhini, inakimbilia kijitoni kwa kishindo na kuchimba sakafu na kingo. Kipimo ulichokichomeka mwaka juzi kinaning'inia hewani mwaka huu. Asiyejua kwamba sakafu imeshuka atasema maji yamepungua, kumbe ni ardhi iliyoondoka.

Hurst alichukua daftari la Mikyasi na kulifanyia hesabu ambayo nilimweleza mama kwa mfano wa nyumba. Chukua pato lako la kila mwaka, utafute wastani wake. Sema kila mwaka utatumia wastani huo, si zaidi wala pungufu. Mwaka wa pato zuri unaweka ziada kwenye sanduku, mwaka mbaya unachota. Sasa sanduku liwe kubwa kiasi gani ili lisifurike wala lisiishe kabisa katika miaka mia? Bwawa ndiyo sanduku hilo.

Kama miaka ingekuwa haijuani, yaani kila mwaka ni kama kurusha sarafu, hesabu ingekuwa nyepesi: ukitaka sanduku la kuvuka muda mrefu mara nne, linatakiwa liwe kubwa mara mbili tu. Hurst alikaa akarusha sarafu kweli kweli, akachanganya karata zenye nambari, akaandika matokeo, na sarafu zikatii. Mto haukutii. Katika Nili, muda ukiwa mara nne, sanduku linatakiwa likaribie mara tatu. Sababu ni kwamba miaka mizuri inakuja pamoja na mibaya inakuja pamoja. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Mto ni kama unakumbuka.

Mtu mwengine angetosheka hapo. Yeye akashuku pengine ni Nili peke yake, akaanza kukusanya kila kitu kilichopimwa kwa miaka mingi: mito mengine, mvua, joto, pete za ndani ya miti, matabaka ya udongo chini ya maziwa, madoa ya jua, mpaka bei za ngano. Mamia ya mifululizo, yote kwa mkono, kabla ya kompyuta. Karibu kote akakuta tabia ile ile. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 71, akachapisha matokeo Marekani katika jarida la wahandisi wa ujenzi. Wengi hawakumwamini, wakitafuta kosa kwenye hesabu zake. Miaka ya 1960 mtaalamu wa hesabu Benoit Mandelbrot akaichukua kazi ile, akaonesha kwamba inaweza kuelezwa kwa hesabu safi, na kipimo chake akakipa herufi H kwa heshima ya Hurst. Leo H hiyo inatumika katika masoko ya hisa, mapigo ya moyo na msongamano wa intaneti. Mandelbrot pia aliipa tabia ile ya mto jina la Nabii Yusuf, na sisi tunaosoma Sura yake hatuhitaji kuelezwa kwa nini: miaka saba ya kulima na kuhifadhi nafaka ndani ya mashuke yake, kisha miaka saba migumu inayokula kilichowekwa. Na nchi ya kisa kile ilikuwa Misri hiyo hiyo, na mto wake huo huo.

Mama alinyamaza kidogo kwenye simu. Halafu akaniuliza kama huyo Mzungu alisilimu. Nikamwambia sina habari hiyo, ninachojua ni kwamba kazi yake isingekuwapo bila ya makarani Waislamu walioteremka ngazi za Mikyasi kila mwaka na kuandika.

Kutoka kwenye hesabu hiyo Hurst na wenzake walitoa mpango mkubwa walioutangaza mwaka 1946, hazina ya maji ya karne nzima. Walitaka akiba ya Misri iwekwe mbali, katika maziwa: Victoria, Albert, na Tana kule Ethiopia. Hoja yao ilikuwa na nguvu. Bwawa la jangwani linapoteza maji mengi sana kwa jua, wakati ziwa la ikweta linarudishiwa na mvua kile linachopoteza. Na Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba kama 68,000, kwa hiyo mita moja tu ya maji juu yake ni bilioni 68 za mita za ujazo, si mbali na maji yote yanayofika Aswan kwa mwaka wa wastani. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, lilikuwa kipande cha ndoto hiyo. Misri ilichangia, na mhandisi wa Kimisri akawekwa Jinja kuangalia maji yanayotolewa.

Hapo mama ndiye aliyenifundisha mimi. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, na yeye alikuwa mtoto mdogo Mwanza. Anakumbuka miti iliyosimama ndani ya maji, na babu akihamisha magunia kutoka ghala la chini usiku. Watu wazima walilaumu bwawa la Jinja, wakisema Wazungu wameziba mto. Haikuwa hivyo, mvua za miaka ile zilikuwa za ajabu Afrika Mashariki nzima. Na ziwa halikurudi upesi, lilibaki juu kwa miaka mingi. Yaani mama alikuwa ameishi ndani ya kanuni ya Hurst kabla mie sijazaliwa.

Nisimsifu tu. Katika mpango ule kulikuwa pia na mfereji wa Jonglei, wa kuyachepusha maji yasiingie Sudd. Kwenye jedwali, maji ya Sudd yanaitwa hasara. Kwa Wadinka na Wanuer, maji hayo ni malisho ya ng'ombe, ni samaki, ni maisha. Mtu anayepima kutoka Cairo anaona mvuke unaopotea. Mfereji ulianza kuchimbwa mwaka 1978, vita vikausimamisha, na mashine kubwa ya kuchimbia ikabaki inaoza kwenye majani. Wapimaji tuna ugonjwa huu mpaka leo, maji yasiyopita kwenye kipimo chetu tunayaona yamepotea.

Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali mpya ya Misri haikutaka akiba yake ikae chini ya funguo za Waingereza huko Uganda. Ikataka bwawa moja kubwa, ndani ya nchi yake. Ndiyo Sadd al-Ali. Haukuwa mpango aliouanza Hurst, na alijua jua la Aswan litakunywa kiasi gani. Lakini ukubwa wa bwawa hilo ulihesabiwa kwa kanuni yake. Baada ya vita vya Suez mwaka 1956 Waingereza wengi walikuwa wameondoka, na yeye Wamisri wakaendelea kumtumia kama mshauri mpaka 1968, akiwa na miaka 88.

Bwawa likamalizika 1970. Wanubi kama laki moja, wa Misri na Sudan, walikuwa wameshahamishwa. Na ule ujanja wa kuliacha tope lipite ukafa, kwa sababu bwawa la kuvuka miaka haliwezi kufungua milango wakati wa mafuriko, hayo mafuriko ndiyo akiba yenyewe. Tope, zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, likaanza kutua nyuma ya ukuta. Wasanifu walitenga nafasi ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 kwa ajili yake, litakaa humo kwa karne nyingi. Lakini mto unaotoka chini ya ukuta umesafika, na mto usiokuwa na mzigo wa kubeba unachimba sakafu yake mwenyewe. Huko Rashid, pale Nili inapokutana na bahari, pwani iliyokuwa ikipokea udongo kila mwaka ikaanza kuliwa na mawimbi. Hapa Afrika Kusini tuna bwawa la Welbedacht, kwenye Mto Caledon, lililojengwa miaka ya 1970: ndani ya miaka 20 sehemu kubwa ya nafasi yake ilikuwa imeshajaa mchanga na tope. Mto ule unabeba udongo kama chai ya maziwa.

Hurst alifariki Uingereza tarehe 7 Desemba 1978. Hakuwahi kuuona mtihani mkubwa kuliko yote wa hesabu yake. Kuanzia mwaka uliofuata mvua za Ethiopia zilipungua, karibu miaka tisa mfululizo. Tunakumbuka njaa ya 1984 na 1985, picha zake ziliingia kila nyumba. Misri, ambayo inakunywa mvua hizo hizo, haikufa njaa. Ilikuwa inachota kwenye sanduku. Kufika Julai 1988 maji nyuma ya Sadd al-Ali yalikuwa yameshuka hadi karibu mita 150 juu ya usawa wa bahari, mita chache tu kabla ya mitambo ya umeme kusimama. Agosti mvua ikamwagika, Khartoum ikazama, maelfu kwa maelfu wakakosa makazi, na bwawa la Misri likaanza kupanda. Mafuriko na ukame katika mwezi mmoja, juu ya mto mmoja. Ndilo lile suali la mama.

Na sisi huku miaka hiyo hiyo tulikuwa tunabanwa. Mwaka 1983 Vaal ulikuwa mkavu kiasi kwamba wahandisi walijenga kuta ndogo saba ndani ya mto, wakayasukuma maji kwa mapampu yarudi nyuma kiasi cha kilomita 200 ili vituo vya umeme visizimike. Mto ulitembea kinyumenyume, wallahi. Mwaka 1986 ukatiwa saini mkataba wa kuleta maji ya milima ya Lesotho. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, hapa hapa Johannesburg, kilikuwa na kitengo cha utafiti wa maji cha Profesa Midgley, na mwaka 1973 Bill Pitman alitoa huko njia ya kukisia maji ya mto kila mwezi kutokana na mvua. Inatumika bado kusini yote ya Afrika, kwa sababu hatukuwa na Mikyasi: mito mingi ya huku haina vipimo vya hata miaka mia.

Basi mwishoni mwa Februari 2017 nikampigia mama mimi. Mvua zilikuwa nzuri tangu Krismasi, Bwawa la Vaal limejaa, milango inafunguliwa. Akanicheka. Miezi mitatu nzima nimemtia hofu na Hurst wangu na miaka yangu iliyoshikana mikono, na bwawa limejaa kwa msimu mmoja. Nikajaribu kujitetea kwamba kanuni haisemi ukame hauishi, inasema tu usiweke dau kwamba utaisha kesho. Akaniambia hiyo nayo ni jibu la nusu.

Siku hiyo nilikuwa kwenye kijito kimoja kinachoingia Jukskei. Mafuriko ya Novemba yalikuwa yameteremsha sakafu yake zaidi ya urefu wa goti langu, na kipimo cha zamani kilikuwa kimelala ubavuni kwenye mawe, kimejaa mifuko ya plastiki. Tulichomeka kipya. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe na urefu wa maji, mstari wa kwanza, kisha tukapanda juu upesi maana radi ilikuwa imeshaanza upande wa Soweto.